Juan Perón na Balozi wa Marekani: Wasifu wa Ushindi wa Mwaka 1946

Utangulizi

Tarehe 24 Februari 1946 wanaume wa Argentina walijitokeza kumchagua rais wao. Wagombea wakuu walikuwa wawili: Kanali Juan Domingo Perón, na Daktari José Tamborini aliyeteuliwa na muungano wa vyama vya upinzani. Hata hivyo, kwenye kuta za miji na midomoni mwa wafuasi wa Perón, jina la Tamborini halikuwa na uzito mkubwa. Mahali pake palikuwa pamekaliwa na jina la mtu ambaye hakuwa mgombea, hakuwa raia wa Argentina, na wakati huo hakuwa hata nchini. Mtu huyo ni Spruille Braden, Mmarekani aliyekuwa balozi mjini Buenos Aires kwa takriban miezi minne tu mwaka uliotangulia.

Makala haya yanasimulia maisha ya Perón kwa kuuweka uchaguzi huo katikati. Swali linalotuongoza ni hili: shinikizo la dola la kigeni lilichangia vipi ushindi wa mtu ambaye dola hilo lilitaka ashindwe? Hoja yetu ni kwamba Braden hakumpa Perón wapiga kura. Hao Perón alikwisha kuwapata kwa njia nyingine, kama tutakavyoona. Alichopewa na Braden ni lugha ya kuwaunganisha, yaani adui mwenye jina na uso, na tungo fupi ambayo kila mtu angeweza kuibeba hadi kituoni. Kwa msingi huo wasifu huu unamhusu mwanafunzi wa lugha na fasihi sawa na unavyomhusu mwanafunzi wa siasa.

Kabla ya kuendelea, inafaa tuifafanue dhana moja. Siasa za mvuto wa umma, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni zile zinazoigawa nchi mafungu mawili: wananchi halisi wanaodhulumiwa, na wakwasi wachache wanaodhulumu. Kisha hujitokeza mtu mmoja anayejidai kuwa yeye ndiye sauti ya fungu la kwanza. Siasa za aina hii huhitaji adui. Perón aliwahi kuwa na maadui wengi. Braden alikuwa bora kuliko wote.

Kuzaliwa na Malezi

Kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, Perón alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1895 katika mji mdogo wa Lobos, mkoani Buenos Aires. Babu yake mzaa baba alikuwa daktari mashuhuri aliyewahi pia kuwa seneta. Mama yake, Juana Sosa, alikuwa na damu ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Wazazi hao walikuwa hawajafunga ndoa mtoto alipozaliwa. Katika jamii iliyothamini mno nasaba na jina la ukoo, hali hiyo haikuwa jambo dogo, na huenda ndiyo iliyomfanya Perón ayaelewe mapema machungu ya watu waliotazamwa kwa jicho la dharau.

Familia ilihamia kusini, katika nyanda baridi na kavu za Patagonia, ambako baba alijishughulisha na ufugaji. Huko mtoto alikua miongoni mwa vibarua wa mashambani. Baadaye alipelekwa kwa jamaa zake mjini Buenos Aires kusoma, na mwaka 1911 akajiunga na chuo cha kijeshi. Alihitimu mwaka 1913 akiwa luteni mdogo wa askari wa miguu.

Perón hakuwa askari wa bunduki tu. Alifundisha historia ya vita katika chuo cha maafisa wakuu, akaandika vitabu kuhusu vita na mbinu zake. Jambo litakalomvutia msomaji wa jarida hili ni kwamba katika miaka ya 1930 alitayarisha pia kazi kuhusu majina ya mahali ya Patagonia yenye asili ya lugha ya wenyeji wa huko. Mtu aliyekuja kushinda uchaguzi kwa nguvu ya jina la mtu alikuwa ameanza kwa kuyachunguza majina ya mito na milima.

Alimwoa Aurelia Tizón mwaka 1929, naye akafariki mwaka 1938 bila ya kumzalia mtoto. Kati ya mwaka 1936 na 1938 Perón alikuwa mwambata wa kijeshi nchini Chile. Mwaka 1939 alipelekwa Italia kujifunza mbinu za vita vya milimani. Alikaa huko hadi Ulaya ikaingia vitani, akashuhudia jinsi utawala wa Mussolini ulivyowapanga wafanyakazi na matajiri chini ya mkono wa dola. Alivutiwa na mengi aliyoyaona. Ziara hiyo ilikuja kuwa silaha mikononi mwa maadui zake, na si kwa kusingiziwa tu.

Argentina ya Kura Zilizoibwa

Ili tuelewe kwa nini mwanajeshi huyu alipendwa, yatupasa kuitazama nchi aliyoirudia mwaka 1941. Argentina ilikuwa na sheria nzuri ya uchaguzi tangu mwaka 1912, iliyowapa wanaume kura ya siri na ya lazima. Lakini mwaka 1930 jeshi lilimpindua Rais Hipólito Yrigoyen, na Perón, akiwa kapteni, alishiriki katika mapinduzi hayo kwa kiwango kidogo. Kuanzia hapo wakwasi wa mashamba makubwa na washirika wao walitawala kwa wizi wa kura. Wanahistoria wa nchi hiyo wamekizoea kipindi cha 1930 hadi 1943 kwa jina la mwongo wa fedheha.

Wakati huohuo maelfu ya watu waliacha mashamba ya mikoani wakahamia viwandani pembezoni mwa Buenos Aires. Walifanya kazi kwenye machinjio, viwanda vya nguo na karakana, wakaishi katika vitongoji duni. Wengi wao walikuwa na ngozi nyeusi kidogo kuliko ya watu wa mjini wenye asili ya Ulaya, nao wenye mji waliwaita majina ya kejeli kwa sababu ya rangi hiyo. Vyama vya siasa vya zamani, hata vile vya mrengo wa kushoto, havikujua vizuri namna ya kusema nao.

Tarehe 4 Juni 1943 jeshi lilipindua tena serikali. Nyuma ya mapinduzi hayo palikuwapo kikundi cha siri cha maafisa, na Perón alikuwa mmoja wa vigogo wake. Wenzake walipogombea vyeo vinavyong'ara, yeye aliomba Idara ya Kazi, ofisi ambayo haikuwa na hadhi wala fedha. Aliikabidhiwa mwezi Oktoba 1943, na kabla ya mwaka kwisha ikapandishwa daraja kuwa Sekretarieti ya Kazi na Ustawi wa Jamii.

Hapo ndipo msingi wa kura za 1946 ulipojengwa. Perón aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi ofisini, akawasikiliza, akawatilia saini mikataba waliyoipigania kwa miaka mingi. Pensheni zilipanuliwa, mahakama za kazi zikaanzishwa. Mwezi Oktoba 1944 ilitolewa sheria ya vibarua wa mashambani iliyoweka mshahara wa chini, mapumziko na likizo yenye malipo. Mwezi Desemba 1945, wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka serikalini lakini washirika wake wangalimo, ilitangazwa amri ya kuwalipa wafanyakazi mshahara wa mwezi wa kumi na tatu. Waajiri waliikataa, wakafunga biashara zao kwa siku kadhaa mwezi Januari 1946. Kwa kufanya hivyo walimsaidia bila kukusudia, maana kila mfanyakazi alijionea mwenyewe nani anampa na nani anamnyima.

Aidha, si haki kuusimulia upande mmoja tu. Vyama vya wafanyakazi vilivyokataa kumfuata vilibanwa, hasa vile vilivyoongozwa na wakomunisti, na baadhi ya viongozi wao wakatiwa jela. Magazeti yalichunguzwa na vyuo vikuu vikaingiliwa. Mkono uliogawa mkate ndio huohuo ulioshika kiboko. Kufikia mwezi Julai 1944 Perón alikuwa Makamu wa Rais, Waziri wa Vita na mkuu wa Sekretarieti ya Kazi kwa wakati mmoja.

Mwezi Januari 1944 tetemeko la ardhi liliuharibu mji wa San Juan na kuua maelfu ya watu. Katika harakati za kuwachangia waathiriwa, Perón alikutana na mwigizaji wa redio aitwaye Eva Duarte. Naye pia alikuwa mtoto wa nje ya ndoa kutoka mashambani. Walioana mwezi Oktoba 1945, na dunia ikaja kumjua mwanamke huyo kwa jina la Evita.

Shinikizo la Marekani

Mgogoro kati ya Marekani na Argentina haukuanza na Braden. Argentina ilikuwa imekataa kuegemea upande wowote katika Vita vya Pili vya Dunia, kama ilivyofanya katika vile vya kwanza. Marekani ilipoingia vitani mwishoni mwa mwaka 1941, ilizitaka nchi zote za bara hilo zikate uhusiano na Ujerumani, Italia na Japani. Argentina ilisita hadi mwezi Januari 1944. Kwa sababu hiyo Marekani iliinyima silaha ilizowapa majirani zake, ikakataa kuitambua serikali ya Jenerali Edelmiro Farrell iliyoshika hatamu mwaka 1944, na mwezi Agosti mwaka huo ikaizuia dhahabu ya Argentina iliyohifadhiwa Marekani.

Vikwazo hivyo havikuuma kama ilivyotarajiwa. Uingereza, iliyokuwa ikila nyama ya ng'ombe wa Argentina katika miaka ya dhiki ya vita, haikuwa tayari kujifungia duka lake mwenyewe. Hatimaye Argentina ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani na Japani mwezi Machi 1945, wakati Ujerumani imekwisha kupiga magoti. Uhusiano wa kibalozi ulirejeshwa, na mwezi Mei Braden akawasili.

Braden alizaliwa Montana mwaka 1894. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi, na kampuni iliyobeba jina la ukoo wao ndiyo iliyoanzisha uchimbaji mkubwa wa shaba nchini Chile. Yeye mwenyewe alizungumza Kihispania kwa ufasaha, na alikuwa amewahi kuwa balozi nchini Colombia na Cuba. Aliamini kwa dhati kwamba utawala wa kijeshi wa Argentina ulikuwa mabaki ya ufashisti ulioshindwa Ulaya, na kwamba wajibu wake ni kusaidia kuung'oa. Badala ya kunong'ona katika ofisi za wizara, kama ilivyo desturi ya mabalozi, alipanda majukwaani. Alihutubia karamu na mikutano, akadai uhuru wa magazeti na uchaguzi huru, akashangiliwa na wapinzani wa Perón kana kwamba ndiye kiongozi wao.

Madai hayo yenyewe hayakuwa mabaya. Waargentina wengi waadilifu, wakiwamo wanafunzi na wahadhiri waliopigwa na polisi, walikuwa wakidai yayo hayo. Tatizo lilikuwa kinywa yalikotoka. Dai la haki linapotamkwa na mjumbe wa dola linalozuia dhahabu yako, huanza kusikika kama amri. Wapinzani walipomkumbatia balozi huyo, wakajitia doa ambalo hawakuweza kulifuta tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilitimia Argentina kwa namna ambayo mgeni hakuikusudia: alikuja, na mwenyeji aliyepona ni yule aliyetaka kumwangusha.

Jela na Roshani

Tarehe 19 Septemba 1945 wapinzani walifanya maandamano makubwa mno mjini Buenos Aires, wakidai katiba na uhuru. Siku chache baadaye Braden aliondoka kwenda Washington, ambako alikuwa amepandishwa cheo kuwa msaidizi wa waziri wa mambo ya nje anayesimamia masuala ya bara lote la Amerika. Jeshi lenyewe lilianza kugawanyika. Tarehe 9 Oktoba maafisa wenzake Perón walimlazimisha ajiuzulu nyadhifa zote, na baada ya siku chache wakamkamata na kumfungia katika kisiwa cha Martín García.

Ilionekana kama amekwisha. Lakini waajiri wengine walikwisha kuanza kuwaambia wafanyakazi kwamba likizo na nyongeza zao zimekwenda na mtu wao. Tarehe 17 Oktoba wafanyakazi wa machinjio na viwanda wa vitongoji na miji ya jirani, ikiwamo Berisso na Avellaneda, waliingia mjini kwa miguu, kwa magari ya moshi na kwa malori. Madaraja ya kuvukia mto yalipoinuliwa ili kuwazuia, wengine walivuka kwa mashua. Walijaa katika uwanja ulio mbele ya Ikulu, wakaiosha miguu yao yenye uchovu katika chemchemi za uwanja huo, jambo lililowashtua wenye mji. Usiku, yapata saa tano, Perón aliyekuwa ameachiliwa alitokea kwenye roshani ya Ikulu akauhutubia umati.

Wapinzani waliwadharau watu wale kwa kuwaita wasio na mashati, kwa kuwa walikuja mjini bila makoti na tai. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini anayetukanwa anaweza kuchagua la kulifanyia. Perón na Evita waliliokota neno hilo, wakalivua aibu, wakalifanya sifa. Tangu hapo kuitwa asiye na shati kukawa heshima. Mwanafunzi wa isimujamii ataona hapa mfano safi wa neno linalobadili maana kwa sababu limebadili mmiliki.

Kampeni na Kitabu cha Buluu

Perón aliingia katika kampeni bila chama chake mwenyewe. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walianzisha Chama cha Leba mwezi Oktoba 1945, na kundi lililojitenga na chama kikongwe cha Radikali likamuunga mkono na kumpa mgombea mwenza, Hortensio Quijano. Kanisa Katoliki nalo lilimsaidia kwa waraka wa maaskofu uliowaonya waumini wasivichague vyama vinavyotaka talaka, elimu isiyo ya dini na utengano wa dini na dola.

Upande wa pili ulisimama Muungano wa Kidemokrasia, uliowaleta pamoja Radikali, wasoshalisti, wakomunisti na wanademokrasia wa maendeleo. Magazeti makubwa yalikuwa nao, na vilevile vyuo vikuu na chama cha wenye viwanda. Hundi nono iliyotolewa na wenye viwanda hao kwa ajili ya Muungano ilipojulikana hadharani, wafuasi wa Perón waliitumia kuthibitisha kwamba wakomunisti na matajiri walikuwa wamelala kitanda kimoja. Ni kweli pia kwamba wapinzani walinyanyaswa. Mikutano yao ilivurugwa, na polisi mara nyingi walifumba macho.

Hata hivyo matokeo hayakuwa dhahiri. Watazamaji wengi walitarajia Tamborini ashinde. Ndipo kosa kubwa lilipofanyika Washington. Zikiwa zimesalia chini ya wiki mbili kura zipigwe, wizara ya Braden ilichapisha waraka mrefu uliokuja kujulikana kama Kitabu cha Buluu. Waraka huo, uliotegemea sana nyaraka zilizotekwa Ujerumani, uliwashutumu watawala wa Argentina, akiwamo Perón, kwa kushirikiana na Wanazi wakati wa vita. Ulitolewa kwa jina la kushauriana na mataifa mengine ya bara hilo, lakini hakuna aliyeshindwa kuona tarehe yake ilichaguliwa kwa ajili ya nani.

Perón hakuhangaika kuyajibu mashtaka moja baada ya jingine. Katika hotuba yake kuu ya tarehe 12 Februari alimtaja Braden kuwa ndiye mwasisi na kiongozi halisi wa muungano wa wapinzani. Kisha akaufupisha uchaguzi mzima katika majina mawili yaliyounganishwa kwa kiunganishi kimoja: wananchi wachague ama Braden ama Perón. Wafuasi wake pia walichapisha kijitabu cha kujibu walichokiita Kitabu cha Buluu na Nyeupe, rangi za bendera ya Argentina. Kwa kuongeza rangi moja tu, waraka wa mashtaka ukageuzwa kuwa suala la bendera.

Inafaa tuitazame tungo hiyo ya majina mawili kwa jicho la mwanaisimu. Kwanza, imemfuta Tamborini. Mgombea halisi hayumo katika sentensi, na asiyekuwamo katika sentensi hawezi kuchaguliwa. Pili, kiunganishi chake kinafunga milango yote mingine. Mtu aliyempinga Perón kwa sababu za haki na uhuru, naye hampendi Braden, hana mahali pa kusimama. Tatu, haina kitenzi wala ahadi. Haimwelezi mpiga kura kitakachofanywa. Inamwuliza tu yeye ni nani. Mfanyakazi aliyekuwa akimpigia Perón kura kwa ajili ya mshahara sasa aliweza kuipiga kura hiyohiyo kwa ajili ya taifa. Naye mtu wa tabaka la kati aliyechukizwa na Perón lakini aliyechukizwa zaidi na kuamrishwa na wageni, alipata njia ya kumkaribia bila aibu.

Matokeo na Maana Yake

Siku ya kupiga kura jeshi lililinda vituo, na zoezi likafanyika kwa utulivu. Hata wapinzani waliusifu upigaji kura wenyewe kabla ya kujua matokeo. Hesabu ilichukua wiki kadhaa. Mwishowe Perón alipata takriban kura milioni 1.48, karibu asilimia 53, naye Tamborini takriban milioni 1.21, karibu asilimia 43. Katika baraza la wateule wa rais tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 304 kwa 72.

Je, Braden ndiye aliyemshindisha? Kusema hivyo ni kuwadharau wapiga kura. Wafanyakazi waliojaza uwanja tarehe 17 Oktoba walifanya hivyo miezi minne kabla ya Kitabu cha Buluu, na waliongozwa na maslahi waliyoyafahamu vizuri. Waraka wa maaskofu, udhaifu wa Muungano na upendeleo wa serikali vilichangia pia. Lakini katika uchaguzi ulioamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika laki tatu, si jambo dogo kumpa mgombea adui wa kigeni wakati anapomhitaji zaidi. Shinikizo la nje halikuumba hasira ya Waargentina. Liliikuta, likaipa mwelekeo.

Marekani yenyewe ililisoma somo hilo. Ilimpeleka balozi mwingine, George Messersmith, aliyepewa kazi ya kupatana na Perón, na Braden akaacha wadhifa wake katikati ya mwaka 1947.

Baada ya Ushindi

Perón aliapishwa tarehe 4 Juni 1946. Serikali yake ilitaifisha reli za Waingereza, ikapandisha mishahara, na mwaka 1947 ikawapa wanawake haki ya kupiga kura. Katiba ya mwaka 1949 ilimruhusu kugombea tena, naye akashinda mwaka 1951 kwa zaidi ya asilimia 60. Evita alifariki tarehe 26 Julai 1952, akiwa na umri wa miaka 33 tu.

Lakini yale waliyoyahofia wapinzani nayo yalitimia. Chama cha Leba kilichompa ushindi kilivunjwa katika mwaka uleule wa 1946, na Cipriano Reyes, kiongozi wa wafanyakazi wa nyama aliyekataa kumezwa, aliishia gerezani kwa miaka kadhaa. Majaji wa mahakama kuu waliondolewa, gazeti la La Prensa likanyang'anywa wenyewe mwaka 1951, na maelfu ya wahadhiri wakapoteza kazi. Wahalifu wa Kinazi, akiwamo Adolf Eichmann aliyewasili mwaka 1950, walipata maficho nchini. Hapa ndipo uchungu wa kisa hiki ulipo. Baadhi ya mashtaka ya Braden yalikuwa na ukweli ndani yake. Kwa kuwa yaliletwa na mkono wa mgeni siku chache kabla ya uchaguzi, ukweli huo ulichukuliwa kuwa tusi kwa taifa, na kwa muda mrefu Mwargentina aliyeurudia alionekana kibaraka.

Historia pia haikosi kejeli. Uchumi ulipodorora, Perón alitafuta mtaji kutoka Marekani, na mwaka 1955 serikali yake ilitia saini mkataba na kampuni ya mafuta ya Marekani. Wapinzani wakamgeukia kwa lugha ileile aliyowafundisha, wakamwita mwuza nchi. Mwezi Juni mwaka huo ndege za kijeshi ziliumwagia mabomu uwanja ulio mbele ya Ikulu na kuua zaidi ya watu 300, na mwezi Septemba jeshi likampindua. Watawala wapya walipiga marufuku hata kulitamka jina lake. Marufuku hiyo haikufua dafu. Baada ya miaka 18 ya uhamisho alirejea, akachaguliwa tena mwezi Septemba 1973 kwa takriban asilimia 62, akafia madarakani tarehe 1 Julai 1974.

Hitimisho

Wahenga walishauri kwamba ndugu wagombanapo, chukua jembe ukalime. Braden hakushika jembe. Aliingia katikati ya ugomvi wa ndugu, akachagua upande, na upande aliouchagua ndio ulioumia. Kutokana na wasifu huu tunajifunza kwamba siasa za mvuto wa umma hazishindi kwa maneno matupu. Perón alikuwa ametoa kitu halisi kwa watu waliosahauliwa, na vyama vilivyompinga vilichelewa kulitambua hilo. Tunajifunza pia kwamba utetezi wa haki huwa na nguvu unaposemwa na wenye nchi kwa lugha yao na kwa gharama yao. Anayeukodisha kwa mgeni, hata mgeni mwenye nia njema, humpa mtawala fursa ya kuufuta pamoja na jina la mgombea.

Kwa sisi tunaojishughulisha na lugha, kazi iko wazi. Tunapofundisha tamathali na ukinzani darasani, tuwafundishe pia wanafunzi kuitazama tungo ya kampeni na kuuliza ni nani ameachwa nje ya sentensi. Mpiga kura anayeweza kuuliza swali hilo hawezi kulazimishwa kuchagua baina ya majina mawili tu.